Darasa Lililopungua kwa Rangi

Niliyoyaona katika nchi ya Pokea nayaandika kama yalivyokuwa, bila kuzidisha hata nusu inchi. Jina langu ni Shemhilu, kazi yangu fundi cherehani, na kwa miaka arobaini tepu ya kupimia ndiyo iliyonilisha. Mtu wa aina hiyo haanzi kudanganya vipimo uzeeni. Namna nilivyofika huko haina maana. Mtu hufika Pokea kama anavyofika kwingine, amechoka na miguu imevimba.

Pokea si nchi maskini kiasi cha kuliliwa. Udongo wake hauna choyo, mihogo inanenepa, kunde zinazaa, na wenyeji wanapokaa kula mchana wanacheka mpaka jirani anakuja kuuliza kulikoni. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna kitu kilichokwisha kujengwa. Daraja limefika katikati ya mto likaishia hapo. Kisima kimechimbwa mpaka kiunoni. Zahanati ina kuta tatu. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akivuka mto kwa miguu, chini ya lile daraja, nguo ameshikilia mkononi, kwa nini hawalimalizi. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini anapumua.

"Tukilimaliza, wageni wakija watafanya nini?" akasema.

Wageni ni vijana wa Tele. Tele ni nchi tajiri ambako, nilivyoelezwa, kila kitu kimejengwa zamani, na kijana anaweza kufika miaka kumi na sita bila kupigilia msumari hata mmoja. Wazee wao waliona hilo ni hatari. Wakaamua kwamba kila mwanafunzi, kabla ya kumaliza shule, aende Pokea wiki mbili kusaidia maskini, apewe cheti, na bila cheti hicho chuo kikuu asiguse. Kwa hiyo vijana huja, makundi matano kila mwaka, kwa miaka thelathini sasa. Na kwa kuwa hawajui kuchimba wala kujenga, huja na ndoo za rangi. Kupaka rangi kila mtu anaweza.

Serikali ya Pokea haina wizara ya maji wala ya elimu. Ina Wizara ya Mapokezi, nayo imetunga sheria tatu, zimeandikwa kwenye ubao mlangoni mwa kila kijiji. Mgeni asizuiwe kusaidia. Mgeni asiambiwe cha kufanya. Mgeni asinyimwe alichoomba. Ile ya pili ndiyo wanayoiheshimu kuliko zote, maana kwao kumwelekeza mgeni kazi ni sawa na kumpa mkwe wako ufagio. Anayeivunja huadhibiwa kuimba wimbo wa mapokezi peke yake, uwanjani, kila asubuhi kwa mwezi mzima. Wimbo una beti kumi na tisa.

Na upande wa Tele nako kuna kijitabu ambacho kila kijana hupewa kabla ya safari. Nilikiona kwa macho yangu. Ukurasa wa kwanza unasema: "Usimwulize mwenyeji shida zake. Maskini ni mtu mwenye haya." Hivyo kwa miaka thelathini hawa hawakuuliza kwa adabu na wale hawakusema kwa adabu, na kazi ikaendelea.

Mimi niliitwa na Bwana Radhi, Mkuu wa Mapokezi wa wilaya, mtu mnene, mcheshi, mwenye filimbi shingoni. Nilidhani anataka sare za shule. Kumbe watoto wa Pokea wana nguo nzuri tu, za kitenge na za drili, mama zao wanazipiga pasi. Alichotaka ni nguo za Siku ya Kuwasili, zile ambazo watoto huvaa wageni wanaposhuka.

"Hizi ni nzima mno, Fundi," akasema, akinionyesha shati zima. "Naomba uzichane. Kidogo begani, kidogo mgongoni. Zisionekane za dharau kwa mgeni."

Nilimwambia kwamba kwetu mtu huja kwa fundi na nguo iliyochanika akaondoka na nzima. Akacheka, akasema ndiyo raha ya kusafiri. Nikachana. Lakini mkono uliozoea kushona una ubishi wake. Kila tundu nililolitoboa nilijikuta nalipinda kingo ili lisiendelee kuchanika, na Bwana Radhi alipokagua akalalamika kwamba matundu yangu yanafanana na matundu ya vifungo. Nilikataa kurekebisha. Akanitoa kwenye ofisi yake akanipeleka kijiji cha Asanteni, nikawapime watoto wa huko waliokuwa wanasubiri kundi linalofuata baada ya siku nne.

Shule ya Asanteni ni chumba kimoja. Kwa nje ni jengo pana, la heshima, la matofali. Nilikwenda nikizunguka kutafuta mlango, nikaukuta, nikachungulia, nikadhani nimechungulia stoo. Ndani kulikuwa na kichochoro. Madawati yalipangwa moja nyuma ya jingine kama mabehewa, kila moja limekaribia kugusa ukuta huku na huku, na watoto walifika mahali pao kwa kupanda juu ya wenzao. Kuta zilikuwa zimeng'aa, za kijani, na nilipogonga kwa kidole hazikutoa sauti ya tofali.

"Ni rangi," alisema mwalimu kutoka mbele. "Karibu, Fundi. Pita juu ya madawati, usione aibu. Hata mkaguzi hupita hivyo."

Huyo alikuwa Mwalimu Siwema, mwanamke mwembamba wa umri wa miaka thelathini na minane hivi, sauti yake ya kishindo. Nikatoa tepu. Chumba kile, kwa vipimo vya msingi wa nje, kilijengwa kikiwa na upana wa futi kumi na sita ndani. Makundi mia moja na hamsini ya vijana wema yalikuwa yamekipaka, kila kundi mikono mitatu ya rangi, na rangi ya Tele ni nzito kama ugali. Upana uliobaki ulikuwa futi nne na nusu inchi.

Nikapima dawati. Futi nne kamili.

"Unaona?" akasema Mwalimu Siwema, na hapo sauti yake ikashuka. "Kundi linalokuja likipaka, dawati halitaingia tena. Waraka wa wizara unasema chumba kisichoingia dawati si darasa, ni Kumbukumbu ya Wema. Kinafungwa kufuli, kinatembelewa Jumapili. Shule ya pili iko mwendo wa nusu siku, na mto hauna daraja. Wanafunzi wangu wataishia hapa."

"Kwa nini msiwaambie?"

"Niliwahi kumwambia kiongozi wa kundi. Nikaimba mwezi mzima. Mwaka uliofuata nikamwambia mwingine, nikaimba tena. Sauti hii unayoisikia nimeipata huko."

Watoto walikuwa thelathini na wawili. Kumi na wanane walienea ndani. Waliobaki walisomea madirishani, na madirisha yenyewe yalikuwa yamekuwa mashimo marefu, maana rangi ilinenepa pande zote. Katika mojawapo alilala msichana mmoja kifudifudi, kichwa ndani, miguu nje, daftari chini ya kidevu. Aliitwa Sikudhani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyepangiwa dirisha hilo kwa sababu ya urefu wake. Mfupi angepotea humo.

"Shikamoo, Fundi," akaniamkia kutoka shimoni. "Usinipime miguu sasa hivi, kuna kuku anaidonoa."

Nilicheka, halafu nikakasirika. Sikujua nimkasirikie nani. Vijana wanakuja kwa moyo safi, Bwana Radhi ana moyo safi, na mtoto analalia tumbo mwaka wa tatu.

Siku ya Kuwasili ikafika, na Bwana Radhi akaja na filimbi yake. Wimbo ukaimbwa beti zote. Vijana ishirini wakashuka, nyuso nyekundu kwa jua, wakatabasamu, wakapewa kila mmoja mtoto wake wa picha, yaani wa kupiga naye picha, kama desturi ilivyo, ili wasigombanie. Wawili kati yao waliyatazama mashati niliyoyachana, wakanong'onezana kuhusu ufundi wa pindo. Kiongozi wao alikuwa Bwana Orsen, mtu wa makamo, nadhifu, ambaye alituambia mara tatu kwamba yeye mwenyewe alikuwa katika kundi la kwanza kabisa, akiwa kijana wa kumi na sita, na kwamba siku hiyo ndiyo iliyomfanya awe mtu.

Sikudhani alipangiwa msichana aitwaye Ilva, wa miaka kumi na saba, mguu mkubwa, kicheko kikubwa. Ilva alikuwa amejifunza lugha ya Pokea mwaka mzima kwa hiari yake, jambo ambalo wizara haikulitarajia na wala haikuliandikia sheria.

Asubuhi ya pili madawati yalitolewa nje, wakaanza. Ilva akachukua ndoo mbili, moja kila mkono, akaingia darasani wa kwanza kwa haraka ya mtu anayetaka kufaa. Hatua ya tatu akakwama. Ndoo ya kulia ilibana ukuta wa kulia, ya kushoto ukuta wa kushoto, na yeye katikati hawezi kwenda mbele wala kurudi. Wenzake nje wakacheka, naye akacheka. Kisha akageuza shingo na kukutana uso kwa uso na Sikudhani, amelala ndani ya dirisha, penseli sikioni.

Na Ilva akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Kwani nyinyi humu huwa mnakaaje?"

Filimbi ilimtoka Bwana Radhi mdomoni. Mwalimu Siwema akashika ukuta. Sikudhani akafungua mdomo kujibu, Bwana Radhi akapiga kelele, "Usijibu! Usijibu mtoto wangu! Kwanza tujue sheria inasemaje!" Katika miaka thelathini hakuna mgeni aliyewahi kuuliza swali la aina hiyo. Waliwahi kuuliza choo kiko wapi, na kama maji yamechemshwa, basi.

Baraza la Mapokezi la kijiji likaketi palepale, kwenye ghala la zawadi za wageni, kwa kuwa ndiyo nyumba pekee yenye nafasi ya watu kumi. Tuliketi juu ya zawadi zenyewe. Mimi nilikalia marundo ya makoti ya manyoya, na mzee mmoja wa baraza alikalia viatu vya kutelezea kwenye barafu, na barafu Pokea haijawahi kuonekana hata kwenye bilauri. Ilva, aliyekwisha kukwamuliwa, alisimamishwa mlangoni na Bwana Orsen.

Mjumbe wa kwanza alisema swali la mgeni ni zawadi, na zawadi haikataliwi, kwa hiyo lipokelewe, lishukuriwe na kuwekwa humu ghalani pamoja na nyingine. Wengi wakapiga makofi. Wa pili alisema kulijibu kutamtia mgeni aibu, kwa sababu itaonekana kuna kitu alikuwa hakijui. Mjumbe wa tatu, mama mfupi aliyekuwa akimenya kunde wakati wote huo, alisema yeye haoni tabu iko wapi.

"Sheria ya tatu inasema mgeni asinyimwe alichoomba," akasema. "Huyu binti ameomba jibu. Tumpe jibu lake aende zake, mimi nina chungu jikoni."

"Lakini kumjibu ni kumwambia," akalia Bwana Radhi, "na kumwambia ni kosa!"

"Asiambiwe cha kufanya, imeandikwa hivyo. Kauliza watoto wanakaaje, hakuuliza afanye nini."

Wakabishana mpaka kunde zikaisha. Bwana Radhi alitoka jasho kweli. Nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa mtu mwema na alikuwa ameusimamisha wema wote wa wilaya ile juu ya sheria hizo tatu. Mwishowe wakakubaliana kwamba jibu litolewe, lakini litolewe na mtu mmoja tu, yule mwenye haki zaidi kwa mgeni husika, yaani mtoto wake wa picha.

Sikudhani akaingizwa. Alisimama wima, na mara ya kwanza nikaona urefu wake wote.

"Humu hatukai," akasema. "Tunapandana. Kumi na wanane wanapandana na sisi wengine tuko nje. Mimi nalala dirishani, tumbo linauma, na mvua ikinyesha miguu inaloa. Chumba kilikuwa kikubwa. Rangi ndiyo imekipunguza. Mkipaka tena dawati halitaingia, watatufungia, na mimi bado sijafika kwenye hesabu za sehemu. Nimejua kuzidisha na kugawanya tu. Kwenye sehemu sijafika."

Kisha akaongeza kwa adabu, "Lakini rangi ni nzuri. Asanteni."

Ilva hakucheka. Aligeuka nyekundu kuanzia shingoni, akawatafsiria wenzake, neno kwa neno, na lile la tumbo akalirudia. Kijana mmoja mrefu akasema jambo, Ilva akalitafsiri kwa hasira: alikuwa amewaahidi wenzake wa shuleni picha ya ukuta mpya. Bwana Orsen akafungua ratiba yake, akaonyesha kwa kidole. Imeandikwa kupaka. Kundi la kwanza lilipaka, yeye alikuwepo, na watu walilia kwa furaha.

"Basi mimi naomba," Ilva akasema, akimgeukia Bwana Radhi na kusema polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Mgeni asinyimwe alichoomba, sivyo? Naomba tukwangue."

Bwana Radhi alimtazama mama wa kunde, mama wa kunde akatazama dari. Kwa mwananchi wa Pokea kukwangua rangi ya mgeni ni kosa kubwa, linaitwa kufuta wema, na wimbo wake ni wa miezi sita. Kwa mgeni hakuna sheria. Nani angeliwaza hilo?

Wakakwangua. Siku kumi mfululizo, wao ishirini, na wenyeji wamekaa kivulini wakitazama, maana hawakuruhusiwa kugusa. Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Walishika majembe kwa ncha, wakajikata vidole, mmoja akajipiga kwenye goti. Mafundi wa Asanteni, waliojenga chumba kile kwa mikono yao, walikuwa wanauma midomo. Mwishowe Ilva alikuja akasimama mbele ya mmoja wao na kuuliza, "Baba, jembe linashikwaje?" Swali hilo, likijibiwa, halikuwa kosa. Basi siku nzima ikawa ni maswali. Hili linaanziwa wapi? Koleo linaingizwa vipi? Maji ya kunywa yako wapi? Je, ungekuwa wewe, ungepiga juu au chini? Wazee waliokuwa hawajasemeshwa na mgeni miaka thelathini walijibu mpaka sauti zikakauka, na nilimwona mmoja akimfuata kijana mrefu hadi chooni ili amalizie maelezo.

Rangi ilitoka mabamba mabamba. Kijani, chini yake bluu, chini yake waridi, chini yake kijani tena. Ndani ya kila bamba kulikuwa na majina na viganja na mioyo midogo, na vijana walisomeana kwa sauti majina ya watu waliokuja kabla yao. Rundo nje lilikuwa refu kuliko shule. Kila jioni kabla jua halijazama nilipima na kutangaza upana, na watoto walipiga makofi kwa kila futi. Futi sita. Futi tisa. Siku ya nane, futi kumi na nne.

Siku ya tisa Bwana Orsen, ambaye tangu mwanzo alikuwa amekaa kwenye kiti na ratiba yake, aliinuka akaomba koleo. Tulikuwa tumefika tabaka la mwisho, la manjano, la kundi lake. Alilitafuta jina lake kwa vidole akalipata karibu na ubao, herufi kubwa za kijana aliyejiamini. Alisimama pale muda mrefu. Sikuwa na haraka naye. Hata mimi kuna koti la kwanza nililolishona ambalo sijamruhusu mtu alifumue.

Kisha akaingiza koleo chini ya jina, akalisukuma, bamba likadondoka zima.

Chini yake hapakuwa na tofali. Palikuwa na chokaa nyeupe, na juu ya chokaa, kwa wino mweusi wa mkono wa mtu mwenye subira, jedwali la kuzidisha. Mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka mara kumi na mbili, limepangwa safi kwa safu. Pembeni yake ramani ya Pokea na mto wake.

"Sisi..." Bwana Orsen akasema, Ilva akatafsiri kwa upole. "Tulidhani ni uchafu. Tulidhani watoto wamechorachora."

Mwalimu Siwema alikuwa amesimama nyuma yetu. Akalisogelea lile jedwali, akaligusa.

"Nilikuwa darasa la pili," akasema. "Nilikaa pale, dawati la tatu. Tulikuwa tumefika mara saba. Mlipoingia na ndoo mwalimu wetu alikuwa amegeuka kufuta machozi, nanyi mkadhani ni ya furaha." Kisha akacheka, kicheko cha ghafla, kilichowashtua hata kuku. "Ndiyo maana mpaka leo mara saba inanisumbua! Ulizeni wanafunzi wangu!"

"Kweli!" wakajibu watoto kwa pamoja. "Huwa anahesabia vidole!"

Bwana Orsen alimwomba radhi. Mwalimu akamwambia asimame hapo, amsomee mara saba kwa sauti, moja hadi kumi na mbili, na Bwana Orsen, mtu mzima na mvi zake, akasoma kwa lugha ya Pokea, Ilva akimnong'onezea tarakimu. Alipokosea watoto walimsahihisha. Sijawahi kumwona mtu aliyekosolewa akafurahi vile.

Siku ya kumi nilipima mara ya mwisho. Futi kumi na sita kamili. Niliandika namba hiyo kwa chaki sakafuni na macho yangu yakapata unyevu, na sitasema ilikuwa vumbi.

Madawati yakapangwa mistari mitatu yenye njia za kupita katikati. Watoto wakaingia kwa miguu, mmoja mmoja, wakishangaa kwamba hawamkanyagi mtu. Wageni walibaki nje, kwa sababu sasa darasa lilikuwa la wanafunzi, wakajazana madirishani. Mwalimu Siwema akafungua daftari la mahudhurio. Kwa miaka mingi alikuwa akiita majina ya waliomo ndani, halafu anatoka nje kuita ya waliobaki. Safari hii hakutoka. Aliita thelathini na mawili, na kila jina likajibiwa "Nipo" kutoka kwenye kiti. Alipofika kwa Sikudhani akageukia dirisha lake kwa mazoea.

"Nipo huku, Mwalimu," akasema Sikudhani kutoka dawati la pili. "Nimekaa."

Bwana Radhi hakuweza kujizuia. Akapiga filimbi, akapanda kwenye kizingiti na kutangaza kwamba jambo hili limefana mno, na kuanzia mwakani makundi yote matano, katika vijiji vyote, yatakuwa yanakwangua. Kila mwaka. Itakuwa sheria ya nne. Mimi nikatazama kuta. Tofali la Pokea lina unene wa inchi tisa, na nikaanza kupiga hesabu ya miaka, nikajisikia vibaya.

Lakini Ilva alikuwa amekwisha kuonja raha ya kuuliza. Aliegemea dirishani, viwiko ndani, malengelenge mikononi.

"Sikudhani," akaita, "ninyi wenyewe mngependa nini mwakani?"

Bwana Radhi akafumba macho. Sikudhani akafikiri, penseli mdomoni, kama anayetafuta jibu la hesabu.

"Mwakani tuje sisi kwenu," akasema.

Bwana Orsen akafungua ratiba yake, akaifunga.

"Karibuni sana," Ilva akasema. "Mje mfanye nini?"

"Tuwasaidie. Tutawapakia nyumba rangi."

"Lakini nyumba yetu haihitaji rangi!"

"Hata hii haikuhitaji," akajibu Sikudhani.

Ilva akacheka mpaka paji la uso likagonga fremu ya dirisha, Sikudhani naye akacheka, na mwishowe hata Bwana Radhi, ingawa nadhani yeye alicheka kwa kuwafuata. Mwalimu Siwema akachukua chaki, akaandika ubaoni nusu, theluthi na robo, kisha akawaomba wageni wasogee kidogo madirishani, wanaziba mwanga na somo limeanza.